Mzuka wa Baa ya Bega la Kondoo

Horace Blamires, muuza nyama, alikuwa ameanza tena. Enid Sugden alimsikia tangu akiwa jikoni anakata vitunguu, akaweka kisu chini, maana mtu mwenye hasira hafai kushika kisu.

"Mnasikia huo mlio?" Horace alikuwa akiwauliza watembea milima wawili waliojibanza karibu na moto, soksi zao zikifuka mvuke. "Huyo ni Clement. Mwenye baa. Tulimzika Desemba, lakini kazi hajaacha."

"Huo ni mlio wa friji, Horace," Enid alisema, akitokea nyuma ya kaunta.

"Friji gani linalogonga mara tatu?"

"Hilo hilo. Linagonga mara tatu tangu mwaka sabini na nane. Kunywa bia yako unyamaze."

Horace akawakonyeza wale wageni. Konyezo lile ndilo lililomaliza uvumilivu wa Enid. Lilikuwa likisema, mwacheni, ni mjane, hataki kukubali. Kefule! Yeye ndiye aliyekuwa haoni vituko, halafu yeye ndiye aonewe huruma.

Tena si kwamba baa ilikosa mzuka. Bega la Kondoo lilikuwa na mzuka wake wa halali, wa miaka mia mbili, mtumishi mmoja aitwaye Tabitha aliyeanguka ngazini enzi za magari ya farasi. Alitembea kutoka jikoni hadi chumba namba mbili, akafunga mlango, basi. Hakuna aliyemwona vizuri na hakuna aliyelalamika. Kila baa ya zamani katika mabonde yale ya Yorkshire ina mtu wa aina hiyo, kama ilivyo na paka. Lakini tangu mwaka huu wa 1986 uanze, Tabitha alikuwa kafukuzwa kazi. Kila mzuka sasa ni Clement. Bi Ottiwell wa posta alimwona akichokoa makaa. Mkulima mmoja wa juu kule aliapa kwamba bilauri yake ilisogezwa na mkono wa baridi. Wilf Tordoff, mchonga mawe mstaafu, mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki, eti alisikia mluzi wa Clement kutoka msalani.

Msalani! Mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na moja, arudi kutoka kaburini, apite mlango wa chumba chao, aende kupiga mluzi msalani ili Wilf Tordoff amsikie.

Hapo ndipo palipomchoma, na hakumwambia mtu. Wangesema wanavyotaka kama ni uongo mtupu. Lakini kama ni kweli, kama Clement yupo, mbona kwake haji? Usiku alilala upande wake uleule wa kitanda, masikio wazi, akasikia mabomba, mvua na kondoo wa jirani. Walevi wote wa bonde zima walikuwa wameshatembelewa. Yeye mkewe hata kikohozi hakusikia.

Angepuuza, maana Enid hakuwa mwanamke wa kuamini mambo hayo. Tatizo lilikuwa mapipa.

Bia ya Bega la Kondoo ilikaa ghalani chini ya sakafu, kwenye mapipa yaliyolazwa ubavu juu ya magogo. Pipa likishuka hadi theluthi ya mwisho, lazima liinamishwe mbele, polepole mno, na kabari itiwe nyuma yake, la sivyo mashapo yanatibuka na watu wanapewa tope kwenye bilauri. Clement alilifanya kwa goti na bega, akizuia pumzi. Bega la kulia la Enid lilikuwa bovu tangu alipoteleza kwenye barafu, na mara ya kwanza alipojaribu peke yake, Januari, alimwaga bia ya pipa zima kwenye mfereji na kulia kwa ghadhabu.

Halafu, wiki moja baadaye, alishuka akakuta pipa limeshainamishwa. Kabari ipo mahali pake. Bia inang'aa. Akajiambia labda alilifanya mwenyewe akasahau. Wiki iliyofuata, tena. Pipa moja tu, Februari, lilikuwa na tope, akaandikia kiwanda cha bia barua ya matusi. Mengine yote yaliinama kama yanavyotakiwa, na kila aliposhuka na kukuta hivyo, alisimama pale kwenye baridi akiguna, "Upuuzi. Upuuzi mtupu." Kisha akasubiri kidogo, pengine asikie kitu. Hakusikia.

Basi Jumatatu iliyofuata akaja kijana wa kiwanda cha bia, Bwana Peverell, suti mpya, viatu visivyofaa matope.

"Bi Sugden, tumesikia habari za mumeo," alisema, akipanua tabasamu.

"Mlituma shada la maua."

"Hapana, hizi nyingine. Za sasa." Akafungua karatasi kubwa juu ya kaunta. Ulikuwa mchoro wa kibao cha kutundika nje: mwanamume mnene wa rangi ya maziwa, ameshika mshumaa na bilauri, na chini yake maneno *Mwenye Baa Ambaye Hajaondoka*. "Watu wanapenda mizuka, mama. Lakini siku hizi wanataka mzuka mwenye jina. Tutaiweka baa hii kwenye ramani ya baa zenye mizuka. Wewe utasimulia tu kidogo, mambo uliyoyaona mwenyewe. Nitakuja na mpiga picha Alhamisi, mkifungua jioni. Unachotakiwa ni kusema ndiyo."

Enid aliutazama ule mchoro. Clement hakuwahi kuwa mnene. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na mshumaa asingeushika, maana alikuwa bahili hata wa kuwasha taa.

"Na nikisema si kweli?"

"Kama una hakika si kweli, basi tutaiacha," Peverell alisema. "Je, una hakika?"

Ala! Kijana mjinga kumbe aliweza kuuliza swali la maana. Nyuma ya kijana, Horace, Wilf na Bi Ottiwell kila mtu alikuwa akiisoma bia yake kama gazeti.

"Utajua Alhamisi," alisema.

Siku tatu zile alizunguka na hasira kama mtu mwenye jino bovu. Akisema ndiyo, atasimama mlangoni maisha yake yote akiwaapia wageni wa mabasi kwamba mumewe yupo, naye hajamwona. Akisema hapana, na kumbe yupo, atakuwa amemfukuza mumewe nyumbani kwake. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Hao wahenga nao wangekuwepo karibu angewatia bakora. Mwishowe akaamua kuliangalia jambo kwa macho yake. Pipa la pili lilikuwa linakaribia theluthi. Kama kuna mkono wa kuliinamisha, utaliinamisha Alhamisi.

Sheria ya nchi ilizitaka baa zifungwe alasiri. Saa tisa alimtoa mteja wa mwisho, akafunga komeo, akavaa koti la Clement juu ya sweta lake, akajaza chupa ya chai na kushuka ghalani. Akakalia kreti nyuma ya nguzo, taa kazima. Mwanga ulipenya kidogo tu kwenye mbao za mlango wa uani, ule wa sakafuni unaotumika kuteremshia mapipa. Palinuka chachu na mawe yaliyolowa.

Nusu saa ilipita. Miguu ikafa ganzi.

"Haya," alisema kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kumsikia. "Nimekuja. Umemtembelea Horace Blamires, ambaye alikuuzia soseji zilizooza ukaapa hutamsamehe. Umemtembelea Bi Ottiwell. Mimi nimekukosea nini? Kama ni lile neno la hospitali, nilikuwa nimechoka, Clement. Ulikuwa umeniita mara nane kwa ajili ya mto. Nikasema nitakuja baadaye. Ni nani asingesema?"

Friji la juu likagonga mara tatu.

"Usinichezee," Enid alisema, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukali kwa mkono wa lile koti. "Njoo mara moja tu. Sitaki maneno. Inamisha hilo pipa nikuone, halafu nenda zako."

Akangoja. Akamimina chai, haikunyweka. Alikuwa anakaribia kuinuka pale mbao za mlango wa uani zilipolia.

Mlango ukafunguka inchi moja, ukatulia, ukafunguka wote. Mguu ukashuka kwenye ngazi, kinyumenyume. Mguu wa pili ukafuata kwa shida, na mwenye miguu hiyo akaguna, "Goti mwanaharamu wewe," kwa sauti ambayo haikuwa ya Clement hata kidogo.

Alikuwa Wilf Tordoff. Alifika chini, akavua kofia akaitundika kwenye msumari kama mtu anayeingia kazini. Akagonga pipa kwa kidole, akasikiliza, akapiga magoti, akaweka bega. Akazuia pumzi. Pipa likainuka nyuma taratibu, wala bia haikutikisika, naye akasukuma kabari kwa kiganja.

Enid akasimama.

Wilf aligeuka, akaona koti la Clement likimjia gizani, akapiga yowe ambalo kondoo wa upande wa pili wa bonde walilisikia. Akaanguka kitako.

"Clement! Ndugu yangu! Tulikuwa tunasaidia tu!"

"Ni mimi, bwege wewe!" Enid alifoka, akavuta kamba ya taa. "Ni mimi! Unafanya nini ghalani kwangu?"

"Enid." Alishika kifua. "Mama'ngu, nusura uniue."

"Bado sijamaliza! Ni wewe? Miezi yote hii ni wewe?"

"Siyo peke yangu," alisema Wilf, na papo hapo akajuta.

"Nani mwingine?"

Wilf alitazama kofia yake. "Kuna zamu."

"Zamu?"

"Jumanne ni Horace. Mimi Alhamisi. Jumamosi wanakuja wale ndugu wawili wa shamba la juu, na Bi Ottiwell."

"Bi Ottiwell ana miaka sabini na moja!"

"Yeye hashuki. Anashika tochi."

"Mmeandika zamu," Enid alisema polepole, "za kuvunja na kuingia nyumbani kwangu."

"Orodha ipo nyuma ya ubao wa kurushia vishale."

"Baani kwangu! Mmeibandika baani kwangu!" Sauti yake iligonga kuta ikarudi. "Na lile pipa la tope la Februari?"

"Horace. Alikuwa bado anajifunza. Alisikitika sana."

"Niliwaandikia kiwanda barua ya matusi, Wilf! Kurasa mbili!"

"Tuliisikia ulipotusomea. Ilikuwa barua nzuri."

Enid alitaka kumrushia ile chupa ya chai. Alitaka kuwapanga wote uani awamwagie maji ya mfereji mmoja mmoja. "Kwa nini? Mbona hamkuja mlangoni mkasema, Enid, tukusaidie?"

"Tulikuja." Wilf alijiinua kwa kushika pipa. Alizungumza kwa shida, kama mtu anayetoa mawe shimoni. "Siku ya pili baada ya mazishi Horace alikubebea kreti moja ya soda. Ulimwambia aiweke chini atoke, wewe si kilema. Mke wa mchungaji alileta supu, ukamrudishia sufuria na supu yake. Ukaja kumwaga pipa zima, tukakusikia huku chini unalia. Tukasema, huyu hataki msaada wa mtu. Basi tutafute asiye mtu. Mzuka ataufukuzaje?"

"Kwa hiyo mkaanza kusema mnamwona."

"Ilibidi pawe na sababu ya mapipa. Bi Ottiwell akaanza na makaa, kila mtu akaongeza lake. Mimi nikaambiwa nami niseme kitu." Akaona haya. "Ndipo nikasema habari za mluzi. Sikuweza kufikiria mahali pengine."

Enid alikalia tena kreti. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kushika.

"Kwa hiyo hajaja," alisema. "Si kwako. Si kwa Horace. Si kwa yeyote."

Wilf aliitoa kofia yake msumarini. Mtu mwingine angedanganya hapo, na pengine ingekuwa huruma.

"Hapana, Enid. Nimeshuka hapa Alhamisi nyingi tangu Januari. Kila nikimaliza nakaa kidogo pale, juu ya pipa tupu. Nasikiliza. Yule alikuwa rafiki yangu." Akakunja kofia. "Hakuna kitu. Ni baridi tu."

Enid aliinama akaweka uso ndani ya mikono ya lile koti, akalia. Hakuwa amelia hivyo kanisani wala kaburini. Alilia kwa kelele, bila adabu, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Wilf hakujua la kufanya. Alimwekea mkono begani, lile bega bovu, akaona amekosea, akauhamishia bega zima, akauacha pale akitazama ukuta mpaka alipomaliza.

"Chai yako imepoa," alisema hatimaye.

"Nyamaza, Wilf."

Saa kumi na moja na nusu alifungua mlango, macho mekundu, nywele kachana. Walikuwapo wote, Horace na Bi Ottiwell na wale ndugu wawili, na ilionekana kwa jinsi walivyokaa wima kwamba Wilf ameshawaambia. Hakuna aliyethubutu kuagiza. Bwana Peverell aliingia na mpiga picha, wakafuta matope, akauegemeza ule mchoro juu ya kaunta.

"Haya, Bi Sugden! Tuanze na picha ghalani, au tuanze na hadithi? Wasomaji watataka kujua, mumeo bado yupo hapa?"

Enid alimtazama Horace, aliyekuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akautazama ule mchoro. Akaukunja mara mbili, akamrudishia kijana.

"Hapana," alisema. "Mume wangu hayupo hapa. Amekufa."

Alikuwa amezoea kusema ametutoka, au hatunaye, au yaliyotokea Desemba. Neno lenyewe hakuwa amelitamka hata siku moja. Lilitoka kavu, likabaki juu ya kaunta mbele ya kila mtu.

"Alikuwa na miaka sitini na mbili," akaendelea, kwa kuwa sasa hakuweza kusimama. "Hakuwa mnene. Alikuwa mbahili wa makaa na taa, aliimba vibaya, na alikuwa mkali kwa watu wanaoweka miguu kwenye viti. Amekufa, na hatarudi, na anayetaka mzuka aende kwa Tabitha, chumba namba mbili."

Peverell akanunua bilauri ya maji ya machungwa kwa aibu. Kisha Horace akakohoa.

"Alikuwa mwizi wa dhumna," alisema.

"Horace!" Bi Ottiwell alimkaripia.

"Nasema kweli. Alikuwa na kete ya mbili-sita kwenye soksi. Miaka ishirini nilijua, nikamwachia, maana alifurahi sana akishinda." Akaitazama meza. "Sikuwahi kumwambia kwamba najua."

"Alinilipia makaa mwaka ule wa mgomo wa wachimba makaa," alisema mmoja wa wale ndugu wa shamba la juu, akiongea na sakafu. "Akaniambia nikimtajia mtu atanifungia baa."

"Alikuja posta kila Ijumaa kununua stempu moja," Bi Ottiwell akasema. "Moja tu. Hakuwa na wa kumwandikia. Alijua siku ya Ijumaa ndiyo siku aliyofariki mume wangu, akawa anakuja ili nisikae peke yangu."

Stempu. Enid alikuwa amezikuta kwenye droo, mamia, akadhani mumewe ameanza kurukwa na akili. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mbona mmekaa na maneno haya?" alisema, na hasira yote ya miezi minne ikamrudia, machozi yakimchuruzika wala asiyafute. "Nimekaa juu huko peke yangu kama mtu aliyetengwa! Miezi minne! Mlikuwa wapi, jamani?"

Wakatazamana. Wilf ndiye aliyejibu, akigeuzageuza kofia yake.

"Tulikuwa ghalani kwako, Enid," alisema.